Mdomo wa Ndinga: Tarime Ilivyotoka Kwenye Ngao ya Chuma Hadi Splita ya Plaiwudi

Kama umewahi kusimama barabarani pale Tarime mjini Jumamosi jioni, unajua ninachotaka kusema. Probox za mchomoko zinapishana kwenda Sirari, watu wamebanana ndani kama dagaa. Land Cruiser zenye vumbi la Serengeti zinaingia kutafuta mafuta. Halafu ghafla inapita Altezza moja imelala chini, taa kali, mziki unagonga, na mbele chini ya bampa kimetoka kiubao cheusi kama mdomo wa bata. Bodaboda wote wanageuza shingo.

Kile kiubao ndio splita. Wengine wanaita lipu, wengine wanasema tu "ule mdomo". Wengi wanaona ni mapambo ya vijana wenye hela za mchezo. Mimi pia nilikuwa naona hivyo, mpaka binamu yangu alipojitengenezea ya kwake na mtu akaumia. Toka siku ile nikaanza kuuliza: hiki kitu kimetoka wapi, kinafanya kazi gani, na kwa nini mzee mmoja wa gereji huku kwetu alikielewa kabla hata hajasikia jina lake?

Kaa vizuri, hii ni historia. Wahusika wa huku nyumbani hawana majina humu, na mwisho utajua kwa nini.

Dunia ilianza kuuogopa upepo

Zamani waliotengeneza magari ya mbio walikuwa na wazo moja tu: injini kubwa, mwili mwembamba, basi. Shida ni kwamba gari likikimbia sana linaanza kufanana na ndege. Upepo unaingia chini yake, unalinyanyua, matairi yanakosa kushika lami. Dereva anakata kona, gari linakwenda linakotaka lenyewe.

Miaka ya 1960 mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 1966 Wamarekani wa Chaparral walileta gari lenye bawa refu limesimama nyuma, 2E, na bawa lile lilikuwa linakandamiza gari chini badala ya kulipaisha. Wazo likasambaa. Ukishabana nyuma lazima ubane na mbele, kwa hiyo vikaja vizuizi vya upepo chini ya bampa la mbele, na baadaye ubao uliolala, ndio splita yenyewe.

Cheki hii ya BMW. Mwaka 1973 walitoa 3.0 CSL, ile iliyopewa jina la utani Batmobile. Lilikuwa na bawa la nyuma ambalo sheria za barabarani za Ujerumani hazikuliruhusu. Wakafanyaje? Waliliweka bawa ndani ya buti, mteja akalifunge mwenyewe. Yaani hata Mjerumani na kiwanda chake alimwachia mtu kazi ya kujifungia nyumbani. Kwa hiyo bro akikuambia "vya kujifungia ni ushamba", mkumbushe hiyo.

Japani ndio walienda mbali kinoma. Miaka ya 1970 na 1980 vijana wa kule waliokuwa wanakwenda kuangalia mbio pale Fuji walirudi nyumbani na kuanza kuiga, kwa mabati na faiba, midomo mirefu ya mbele inayokaribia kusaga lami. Wakaipa jina "deppa", maana yake meno yaliyochomoza nje. Na magari tunayopanda sisi leo, kuanzia Mark II mpaka Altezza, yametoka Japani. Kwa hiyo kijana wa Tarime akifunga mdomo kwenye gari la Mjapani, anamalizia sentensi iliyoanzwa na kijana mwingine mbali huko.

Huku kwetu mbele ya gari ilikuwa na kazi nyingine

Sasa turudi Afrika Mashariki, maana huku upepo haukuwa adui namba moja. Adui alikuwa jiwe, tope na ng'ombe.

Mwaka 1953 yalianza mashindano ya East African Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wazo lilikuwa magari yale yale ya kawaida ya dukani yapambane na barabara zetu. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, aliyekuwa anaishi hapa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo na mwenzake Chris Rothwell kwa Peugeot 404. Ndio, Peugeot, zile walizopanda babu zetu. Baadaye mashindano yakabaki Kenya peke yake na jina likawa Safari Rally.

Angalia picha za magari ya Safari uone mbele. Ngao ya bomba la chuma, taa kubwa zimepangwa, na chini bamba nene la kulinda injini isipasuke kwa mawe. Hata Lancia Delta, iliyoshinda 1988 na 1989 ikiendeshwa na Miki Biasion, kwingine ilikimbia na bampa lake safi, ila ikija Safari inavalishwa ngao na kunyanyuliwa juu. Ulaya mbele ya gari ilishuka kuikaribia lami. Huku mbele ya gari ilipanda juu na kuvaa chuma.

Sasa fikiria Tarime na Serengeti. Tarime ni nyanda za juu, mvua ya kutosha, vilima, na ng'ombe ni heshima ya mtu. Ukishuka kuvuka Mto Mara kwenda Mugumu unaikaribia hifadhi iliyotangazwa mwaka 1951, na ukiendelea mpaka Ikoma unaweza kukutana na nyumbu njiani kabla hujafika hata getini. Ukigonga fahali au nyumbu usiku bila ngao, radieta imekwenda, na hapo ulipo hamna mtandao. Ngao haikuwa urembo. Ilikuwa bima.

Mzee wa majembe

Hapo ndipo anapoingia mzee wangu. Gereji yake ni kibanda cha mabati, pembeni kuna mwembe, na chini vyuma vimerundikana mpaka huoni ardhi. Sisi vijana tunamwita Tata, yeye anatuita wote "mura", hata wale wenye vitambi.

Tata hakuanza na magari. Alianza miaka ya 1970 kwa kutengeneza plau, yale majembe ya kukokotwa na ng'ombe ambayo huku kwetu ndio yanalima mashamba. Plau inapasuka kwenye maungio kwa sababu udongo unaisukuma nyuma na ng'ombe wanaivuta mbele. Anasema hapo ndipo alipojifunza kitu kimoja ambacho shule yoyote ingempa cheti: chuma hakivunjiki pale kinapoguswa, kinavunjika pale kilipofungwa.

Baadaye zikaja Land Rover za kutengenezewa ngao. Magari yalikuwa machache enzi hizo, mafuta shida, hata kuendesha gari binafsi Jumapili mchana iliwahi kupigwa marufuku nchini. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, milango ikaanza kufunguka, na taratibu magari ya Japani yakaingia. Pikapu za Toyota zikajaa. Kila mwenye pikapu alitaka ngao. Tata anasema kuna ngao zake zilienda mpaka Mugumu na Nata, zikagonga ng'ombe, zikapinda, zikarudi zikanyooshwa, zikaondoka tena.

Hakuna aliyewahi kuandika jina lake kwenye ngao hata moja.

Binamu na ubao wake

Mwaka juzi binamu yangu akanunua Altezza. Kijana wa mjini, anapenda kupiga picha, na alikuwa ameshaangalia video za kutosha kujiona injinia. Akaenda kwa Tata akamwonyesha picha kwenye simu.

Mzee akaangalia, akavuta miwani, akaangalia tena. Akamwambia, "Mura, unataka nikufungie jembe mbele ya gari?"

Tukacheka wote. Ila Tata hakuwa anatania. Akaeleza kwamba ubao wa namna ile lazima ushikwe na chuma kilichotoka kwenye fremu, na kazi hiyo ni ya siku mbili. Binamu hakuwa na siku mbili. Jumapili kulikuwa na sherehe Sirari na alitaka afike na mdomo.

Akaenda kwa fundi mwingine aliyemfungia kwa saa mbili. Plaiwudi nyembamba, rangi nyeusi ya kupuliza, ribiti na skrubu zimeingia moja kwa moja kwenye plastiki ya bampa. Kwa picha, nakwambia, ilikuwa kali. Ilipata laiki nyingi kuliko harusi yake.

Ilidumu siku nne. Siku ya nne alipita tuta kwa kasi, ubao ukagonga, upande mmoja ukang'oka. Kwa kuwa alikuwa na mziki hakusikia. Upepo ukaingia juu ya ule ubao uliokuwa unaning'inia, ukaung'oa wote, ukapita chini ya gari na kutokea nyuma. Nyuma kulikuwa na bodaboda.

Yule kijana wa bodaboda alianguka, akavunjika mfupa wa bega. Alikuwa na abiria mama mmoja, ambaye kwa rehema za Mungu aliumia magoti tu. Binamu alilipa matibabu, alilipa pikipiki, na alilipa miezi ambayo jamaa hakuweza kufanya kazi. Aliuza redio yake ya gari. Lakini hela sio ishu. Ishu ni kwamba mpaka leo jamaa akinyanyua mkono wa kulia juu ya kichwa, uso wake unabadilika. Na tunakutana naye kila wiki.

Kumbe kinafanya kazi gani?

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Splita inafanya kazi mbili kwa pamoja. Upepo unaogonga mbele ya gari unasongamana, unakuwa na shinikizo kubwa. Ubao unaochomoza unaushika ule upepo juu yake, kwa hiyo unasukumwa chini. Chini ya ubao, upepo unapita kwa haraka kwenye nafasi nyembamba, shinikizo linapungua, gari linavutwa chini. Juu linasukumwa, chini linavutwa, matairi ya mbele yanashika lami.

Sasa hesabu. Chukua ubao wenye upana wa mita 1.6 unaochomoza sentimita 8. Kwa hewa nyepesi ya milimani kama Tarime, ule msukumo wa juu peke yake kwenye spidi 50 ni kama kilo moja na robo. Mfuko wa sukari na kidogo! Ukienda 100 inakuwa kama kilo 5, sio mbili na nusu, kwa sababu spidi ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Ukifika 200 ni kama kilo 20, na sasa niambie ni wapi kati ya Tarime na Mugumu utaendesha 200 ukabaki hai.

Maana yake nini? Mjini, ambako sheria inasema 50, splita haikusaidii kitu kwenye kona. Ni mapambo. Hakuna ubaya, hata hereni ni mapambo. Ila hereni ikidondoka haimvunji mtu bega.

Na kuna jambo wengi hawalijui. Ukikandamiza mbele peke yake bila kufanya lolote nyuma, kwenye spidi kubwa mbele inashika na nyuma inakuwa nyepesi. Ukikata kona, makalio ya gari yanataka kutangulia. Ndio maana wa mbio hawafungi mdomo bila kufikiria mkia.

Jinsi Tata alivyoifunga

Binamu alirudi kwa Tata na kichwa chini. Mzee hakumkaripia. Alimwambia alete boksi la friji.

Boksi lilikuwa la kuchora umbo. Gari likanyanyuliwa na jeki, likawekwa juu ya vigogo, maana Tata hamwamini jeki hata kidogo. Boksi likabanwa chini ya bampa, penseli ikafuata mkunjo wa bampa, halafu wakaongeza sentimita 6 kwenda mbele. Binamu alitaka 15. Tata akasema, "Sita. Zilizobaki ni za kugongea watoto miguu."

Ubao ulikuwa plaiwudi ya milimita 12, ile ngumu isiyopenda maji. Na hapa usidharau mbao. Wanaojijengea magari ya mbio huko Ulaya na Marekani wanatumia plaiwudi kila siku, na magari ya Formula 1 yenyewe yamebeba ubao chini ya tumbo tangu 1994. Waliukata, wakapiga msasa kingo zote zikawa za mviringo, wakapaka vanishi pande mbili na kwenye kila tundu. Maji yakiingia kwenye tundu la bolti, plaiwudi inavimba na kufumuka kama mkate.

Kisha ikaja sehemu ambayo fundi wa saa mbili aliiruka. Tata alivua bampa zima. Nyuma ya plastiki kuna chuma cha kuzuia ajali, na nyuma yake kuna fremu. Akachukua engo laini, akatengeneza mikono miwili iliyotoka kwenye fremu, akaifunga kwa bolti na nati zenye washa pana ili ubao usichanike. Mbele akaongeza vyuma viwili vyembamba vinavyovuta ubao kutoka juu, kama kamba za hema. Akatuambia hivi: "Kitu kinachobeba nguvu kifunge kwenye mfupa, usikifunge kwenye ngozi." Bampa ni ngozi, mura.

Kwenye ukingo wa mbele akazungushia raba ya tairi kuukuu, ile ya kutengenezea katambuga, ili ikigusa tuta iguse raba kwanza, na ikigusa mguu wa mtu isiukate. Akaacha wazi nafasi ya upepo wa radieta, maana ukiiziba kwa ajili ya urembo, kwenye kupanda kilima injini inachemka. Akapima kutoka chini mpaka kwenye ubao, na kabla binamu hajalipa akampeleka kwenye tuta lililo karibu, taratibu, tukiwa tumeinama pembeni kuangalia.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja. Tata alimwambia binamu apande juu ya ule ubao kwa magoti yote mawili. Jamaa ana kilo zaidi ya 70. Akapanda. Haukulia hata "krr". Baadaye nikaja kusoma kwamba wajenzi wa magari ya mbio nao wanapima hivyo hivyo: kama haikubebi ukisimama juu yake, hiyo haiwezi kubeba upepo. Tata hajawahi kusoma hilo popote. Amelitoa kwenye plau.

Kwa nini hii ni historia

Tunapenda kusema utamaduni wa magari ni wa Dar, au wa Nairobi na Subaru zao. Lakini ukiangalia vizuri, mbele ya gari la Tarime ina simulizi nzima. Kwanza plau iliyochana udongo. Halafu ngao iliyopambana na fahali. Sasa splita inayopasua upepo. Mkono ni ule ule, mashine ya kuchomelea ni ile ile, kilichobadilika ni tunachokiogopa, au tunachotaka kuonyesha watu.

Na kuna funzo la ngao pia. Ulaya waligundua kwamba ngao ngumu ya chuma inayomlinda mwenye gari inamuumiza zaidi mtembea kwa miguu, na mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ukaweka masharti ya kuzibana. Mbele ya gari lako ndio sehemu inayokutana na watu kwanza. Watoto wa shule, mama na ndoo kichwani, mbuzi, bodaboda. Ukibadilisha chochote pale, umebadilisha kitakachotokea siku mtakapokutana vibaya.

Nilimuuliza Tata kama naweza kumwandika kwa jina na kuweka picha. Akafikiria kidogo, akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Jina la nini, mura? Wakijua jina watakuja kupiga picha. Andika namna ya kufunga."

Nimeandika. Binamu bado anapita na Altezza yake, mziki sauti ya chini siku hizi, na akiona bodaboda nyuma anapisha. Yule jamaa wa bega aliwahi kusimama kuukagua ule mdomo mpya. Aliupiga teke mara mbili, kwa nguvu kabisa. Haukutikisika. Akaondoka bila kusema kitu, na binamu akasema hiyo ndio stika ya ukaguzi anayoiamini.

Haya wadau, zamu yenu. Mtaani kwenu kuna fundi gani wa aina ya Tata, anayejua kitu ambacho hakijaandikwa popote? Usimtaje jina kama hataki. Tuambie tu alikufundisha nini. Na kama mdomo wa ndinga yako umefungwa kwa skrubu kwenye plastiki, kabla hujakomenti, nenda kapige magoti juu yake kwanza.